Kitabu cha Kielektroniki na Matini ya Kiswahili: Suala la Toleo na Amana

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu kitabu cha kielektroniki umeendeshwa kwa kiasi kikubwa na wakutubi, wachapishaji na wataalamu wa teknolojia. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa upande wake, amekuwa akikipokea kitabu hicho kama apokeavyo umeme au barabara: ni huduma inayomfikishia matini, wala si sehemu ya matini yenyewe. Wanaokisifu husema kuwa kitapunguza gharama na kueneza elimu. Wanaokibeza hulalamikia kuchoka kwa macho na kupotea kwa utamu wa kushika karatasi. Hata hivyo, kambi zote mbili zinakubaliana, bila kutamka, juu ya jambo moja: kwamba riwaya au diwani ni ileile, iwe imo katika karatasi au katika kiwambo cha tarakilishi.

Makala haya yanaikataa dhana hiyo. Yanadai kwamba kitabu cha kielektroniki ni toleo, kwa maana ileile ambayo neno hilo limekuwa nayo katika uhakiki wa matini, na kwamba kila toleo huzua maswali mawili. La kwanza ni la uaminifu: nani ameihariri matini hii, ameitoa wapi, na amebadilisha nini? La pili ni la amana: nani anayeihifadhi, na ana mamlaka gani ya kuiondoa? Maswali haya si mageni katika fasihi ya Kiswahili. Fasihi hii imekwisha kuvuka daraja moja la namna hii, ilipotoka katika hati za Kiarabu ikaingia katika chapa ya Kirumi, na mafunzo ya kivuko hicho hayajatumiwa ipasavyo katika kukitathmini hiki cha pili.

2. Kutoka Hati hadi Chapa

Ni kawaida kwa wanafunzi wa fasihi kuzungumzia tenzi za kale kana kwamba zilizaliwa vitabuni. Hati ya Utendi wa Tambuka iliyo maarufu zaidi ina tarehe ya mwaka 1728, nayo ni miongoni mwa hati kongwe zaidi za Kiswahili zinazojulikana. Tangu wakati huo hadi karne ya 20, matini za pwani ziliishi kwa kunakiliwa kwa mkono. Kila mnakili alikuwa pia msomaji. Aliweza kusahihisha alichokiona kuwa kosa, kubadilisha lahaja, au kuongeza ubeti wa kumtaja mwenye nakala. Muhammadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu kadhaa wa Kizungu tenzi nyingi. Sehemu kubwa ya yale ambayo taaluma inayaita "utenzi wa Kiswahili" imepita katika kalamu yake.

Kivuko cha kuingia katika chapa hakikuwa cha kunakili tu. Hati ya Kiarabu ya kawaida haitofautishi irabu e na i, wala o na u, na haina herufi mahsusi za baadhi ya sauti za Kiswahili kama vile p, ch na v. Mhariri aliyeigeuza hati hiyo kuwa ya Kirumi alilazimika kuamua, neno baada ya neno, mshairi alikusudia nini. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ilitolewa na W. E. Taylor mwaka 1915, ikiambatishwa kwenye kitabu cha sarufi cha Stigand. William Hichens akaitoa upya mwaka 1939, na James de Vere Allen akaihariri tena mwaka 1977. Matoleo haya hayakubaliani katika kila ubeti. Mhakiki anayenukuu Al-Inkishafi bila kutaja toleo hajanukuu kitu kinachoweza kuthibitishwa.

Mfano wa Muyaka bin Haji ni bayana zaidi. Mshairi huyu wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilibaki katika vichwa vya wazee wa mji. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya, Taylor akazipokea kwake na kuziandika, na hatimaye Hichens akazichapisha mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka, miaka 100 baada ya kifo cha mwenyewe. Mohamed Abdulaziz akazihakiki na kuzipanga upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Kwa hiyo "Muyaka" anayesomwa darasani ni matokeo ya mikono isiyopungua minne. Jambo la kutia moyo ni kwamba mikono hiyo inajulikana. Majina yake yameandikwa, kazi yake inaweza kukaguliwa, na makosa yake yanaweza kusahihishwa. Hiki ndicho kipimo ambacho kitabu cha kielektroniki kinapaswa kupimwa nacho.

3. Mhariri Asiye na Jina

Kuna njia mbili kuu za kukigeuza kitabu cha karatasi kuwa cha kielektroniki. Ya kwanza ni kuzipiga picha kurasa zake. Picha hiyo huuhifadhi ukurasa jinsi ulivyo, pamoja na madoa yake, lakini tarakilishi haiwezi kuyasoma maneno yaliyomo. Ya pili ni kuitumia programu ya kutambua herufi, ambayo huitazama picha na kukisia kila herufi, kisha hutoa matini inayoweza kutafutwa, kunakiliwa na kusomwa kwa sauti na mashine. Programu hii ndiyo mnakili wa zama hizi. Tofauti yake na Kijuma ni kwamba haikielewi inachokinakili.

Makosa ya mnakili huyu yana tabia zake. Herufi zinazofanana kwa umbo hubadilishana nafasi, hususan katika chapa iliyofifia ya vitabu vya miaka ya 1960 na 1970. Herufi b huonekana kuwa h, na kinyume chake. Katika lugha nyingi kosa hilo huzaa neno lisilokuwepo, na msomaji hulitambua mara moja. Katika Kiswahili, ambamo silabi ni wazi na maneno mengi hutofautiana kwa konsonanti moja, kosa hilo linaweza kuzaa neno halali: "bali" likawa "hali", "baba" likawa "haba". Sentensi itasomeka, na huenda ikaleta hata maana ya kuvutia, lakini maana hiyo haitakuwa ya mwandishi.

Tatizo la pili ni la alama. Sauti ng' huandikwa kwa ritifaa, na katika tarakilishi ritifaa ina sura zaidi ya moja: iliyonyooka na iliyopinda. Kwa jicho la msomaji zote ni sawa, lakini kwa programu nyingi za kutafutia maneno ni herufi mbili tofauti. Mtafiti anayelitafuta neno "ng'ombe" katika riwaya nzima anaweza kuambiwa kwamba halimo, ilhali limo mara 20. Hasara ni kubwa zaidi katika matini za lahaja. Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama kwa mpumuo, na Taylor alizitumia alama za ziada ili kuionyesha tofauti za namna hii. Alama hizo ndizo za kwanza kuanguka matini inapopitishwa katika programu iliyofunzwa kusoma Kiingereza. Kinachobaki ni Kimvita kilichosanifishwa na mashine bila mtu yeyote kuamua kwamba kisanifishwe.

Hoja hapa si kwamba mashine hukosea. Wanakili wa Lamu walikosea, na wapanga chapa wa Nairobi walikosea pia. Hoja ni kwamba makosa ya Hichens ni ya Hichens, na mhakiki anaweza kujadiliana naye. Makosa ya faili lisilo na jina la mhariri wala chanzo chake hayana mwenyewe. Ni vigumu hata kuyaita makosa, maadamu msomaji hana kitu cha kuyalinganisha nacho.

4. Ubeti katika Kiwambo

Athari ya kitabu cha kielektroniki haiishii katika herufi. Inaligusa umbo, na hapo ndipo ushairi unapokuwa mashakani. Vitabu vingi vya kielektroniki vimeundwa ili matini ijipange upya kulingana na upana wa kiwambo na ukubwa wa herufi anaoupenda msomaji. Kwa riwaya jambo hili ni faraja. Kwa shairi ni uhariri mpya kila linapofunguliwa.

Tuchukulie shairi la kawaida la tarbia: mishororo minne, kila mshororo ukiwa na vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kikiwa na mizani nane. Mshororo wa mizani 16 hautoshei katika upana wa rununu. Programu huukata pale nafasi inapokwisha, labda baada ya mizani 11, na kulidondosha salio katika mstari wa chini. Kina cha kati, ambacho ndicho mhimili wa mshororo, hujikuta katikati ya mstari mmoja na kina cha mwisho huning'inia chini yake peke yake. Jicho halioni tena vipande viwili vinavyolingana. Linaona mistari minane isiyolingana, mirefu na mifupi kwa zamu.

Yaweza kujibiwa kwamba umbo la ubeti limekuwa likibadilika daima, na jibu hilo ni la haki. Katika hati nyingi za Kiarabu ubeti wa utenzi uliandikwa kwa mstari mmoja, vipande vyake vikitenganishwa kwa alama. Ni wahariri wa chapa waliouvunja na kuupanga kwa mishororo minne iliyozoeleka leo. Aidha, shairi la kimapokeo lina kinga yake lenyewe. Hata likikatwa vibaya, vina na mizani humwongoza msomaji mzoefu kulirudisha katika umbo lake, kwa sababu umbo hilo limo masikioni kabla ya kuwa machoni. Anayelighani shairi la Muyaka kutoka katika rununu atalighani sawasawa.

Kinga hiyo haipo katika shairi huru. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na baadaye Karibu Ndani mwaka 1988, alikuwa mmoja wa washairi walioihamisha kazi ya vina na mizani na kuikabidhi, kwa kiasi fulani, kwa mstari wenyewe. Mahali ambapo mstari unakatika, neno linaloachwa peke yake, na weupe unaolizunguka, ni sehemu ya kauli ya mshairi. Mgogoro mkubwa wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1960 na 1970 ulihusu hasa suala la iwapo utungo unaweza kuwa shairi bila ya vina na mizani. Wanamapinduzi walishinda haki ya kukata mstari wapendapo. Kitabu cha kielektroniki kinachojipanga upya kinawanyang'anya haki hiyo na kuipa programu, na hakuna kina kinachoweza kumwonya msomaji kwamba mstari umekatwa na mashine wala si na mshairi.

Hatari inayowakabili wahakiki ni dhahiri. Mwanafunzi anayeandika kuhusu mtindo wa shairi huru, akiwa amelisoma katika rununu tu, anaweza kujenga hoja nzima juu ya neno lililotengwa katika mstari wake ambalo halikutengwa na mtu yeyote. Hoja hiyo itakuwa na mantiki, itanukuu nadharia, na itakuwa imekihakiki kifaa badala ya shairi. Msimamizi asiyedai kujua toleo lililotumiwa hatakuwa na njia ya kuligundua kosa hilo.

Katika nathari tatizo huchukua sura ya nukuu. Kitabu kinachojipanga upya hakina ukurasa wa kudumu. Nambari inayoonekana katika kiwambo cha msomaji mmoja haiafikiani na ya mwenzake, na baadhi ya vifaa huonyesha asilimia ya kitabu iliyokwisha kusomwa badala ya ukurasa. Taaluma nzima ya unukuzi imejengwa juu ya uwezo wa msomaji wa pili kufika mahali alipofika msomaji wa kwanza. Hata hivyo, suluhisho lipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Waswahili hawajawahi kuinukuu Kurani kwa ukurasa, wala Wakristo Biblia: hunukuu sura na aya, na kwa hiyo nukuu yao husimama katika kila msahafu na kila chapa. Tenzi nazo hunukuliwa kwa nambari ya ubeti. Hakuna kinachozuia riwaya za kielektroniki kuwekewa nambari za aya za kudumu, isipokuwa kwamba wanaozinukuu hawajalidai jambo hilo.

5. Kumiliki na Kukodi

Swali la amana ni zito zaidi kuliko la uaminifu. Maktaba inaponunua kitabu cha karatasi hukimiliki kitu chenyewe. Inaweza kukiazima mara elfu, kukishona kinapochanika, na kukihifadhi hata mchapishaji akifilisika. Inapopata kitabu cha kielektroniki, mara nyingi hainunui kitu bali leseni, yaani ruhusa ya kutumia kwa masharti na kwa muda. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins ya Marekani ilitangaza kwamba kila leseni ya kitabu chake cha kielektroniki itakwisha baada ya maktaba kukiazimisha mara 26. Baada ya hapo maktaba ingelazimika kulipa upya. Kitabu cha karatasi pia huchakaa, lakini hakichakai kwa tangazo.

Tukio la mwaka 2009 linafundisha zaidi. Kampuni ya Amazon, iliyokuwa imeanza kuuza kifaa cha Kindle mwaka 2007, iligundua kwamba muuzaji mmoja alikuwa ameweka sokoni vitabu viwili vya George Orwell bila ya kuwa na haki navyo. Kampuni hiyo ikavifuta vitabu hivyo kutoka katika vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kisha ikawarudishia fedha na baadaye ikaomba radhi. Vitabu vyenyewe vilikuwa 1984 na Animal Farm. Wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu hiki cha pili kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1967. Ulinganisho unajitokeza wenyewe. East African Publishing House ilianguka katika miaka ya 1980, na nakala za karatasi ilizoziuza zikabaki katika rafu za shule, za maktaba na za watu binafsi. Kwa Amazon, muuzaji alikuwa hai na mwenye nguvu, lakini nakala zikatoweka.

Huenda ikasemwa kwamba kisa hicho ni cha kibiashara na cha mbali. Historia ya Kenya yenyewe inaonyesha kwa nini si cha mbali. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1986. Mapema mwaka 1987 polisi walizikusanya nakala zake kutoka katika maduka ya vitabu na ghala la mchapishaji. Walizipata zile zilizokuwa bado mikononi mwa wafanyabiashara. Zile zilizokwisha kununuliwa zilikuwa zimetawanyika katika nyumba ambazo hakuna orodha iliyozitaja. Abdilatif Abdalla naye, aliyefungwa baada ya kuandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? mwaka 1968, aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kwenye karatasi za chooni. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Kazi hizi zilinusurika kwa sababu nakala, mara ikishatoka, haikuwa na kamba ya kuivuta kurudi.

Kitabu cha leseni kina kamba hiyo. Kinakaa katika hazina ya muuzaji, aghalabu katika nchi nyingine, na msomaji hufunguliwa mlango kila anapobisha. Kukipiga marufuku hakuhitaji askari kuzunguka maduka: panatosha amri moja kwa kampuni moja. Wala haihitajiki amri. Ada isipolipwa, mkataba usipohuishwa, au kampuni ikibadilisha biashara, matokeo ni yaleyale. Fasihi ambayo imekuwa ikisema na watawala kwa mafumbo tangu enzi za Muyaka haiwezi kulichukulia suala hili kuwa la kiufundi.

Mahakama nazo zimeupa uzito ubishi huu. Shirika la Internet Archive la Marekani lilikuwa likivipiga picha vitabu vya karatasi na kuviazimisha kwa njia ya kielektroniki, likidai kwamba linafanya yaleyale yafanywayo na maktaba yoyote. Wachapishaji wanne wakubwa walilishtaki mwaka 2020. Hukumu ya mwaka 2023, iliyothibitishwa na mahakama ya rufani mwaka 2024, iliwapa ushindi wachapishaji. Kwa mujibu wa uamuzi huo, kumiliki nakala ya karatasi hakuipi maktaba haki ya kuigeuza na kuiazimisha kama faili. Waandishi wana haki ya kula jasho lao, na uamuzi huo hauwezi kubezwa. Lakini unalifanya swali la mikataba kuwa la lazima: ikiwa maktaba haiwezi kuigeuza nakala yake, basi hatima ya kitabu katika umbo la kielektroniki imo mikononi mwa mwenye haki pekee.

6. Hoja ya Upatikanaji

Haitakuwa haki kuyasema hayo bila ya kuipa uzito hoja ya upande wa pili. Nagona na Mzingile, riwaya mbili za Kezilahabi zilizotolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1990 na 1991, zimejadiliwa katika tasnifu na makala nyingi, lakini kwa miaka mingi zilikuwa adimu madukani. Wanafunzi wengi wamezisoma katika vivuli vya vivuli, herufi zikiwa zimefifia kiasi cha kukisiwa. Mtu hawezi kumwambia mwanafunzi huyo kwamba karatasi ni amana salama. Kitabu kisichopatikana hakihifadhi chochote. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliyotoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 iliongeza mzigo huo.

Vilevile, kwa msomaji asiyeona, matini ya kielektroniki si mbadala wa kitabu bali ni kitabu cha kwanza anachoweza kukisoma bila msaidizi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu kugeuzwa katika maumbo yanayofaa wasomaji hao bila kuomba idhini ya mwenye haki. Kampuni ya eKitabu, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2012, imefanya kazi katika uwanja huu. Faida hii, hata hivyo, huishikilia hoja ya uaminifu badala ya kuidhoofisha. Mashine ya kusoma kwa sauti haiwezi kusoma picha ya ukurasa, na ikipewa matini yenye makosa husoma makosa. Asiyeona ndiye anayedhurika zaidi na "bali" iliyogeuka kuwa "hali", kwa kuwa hana ukurasa wa kuutazama.

Mfano wa hati za kale unastahili kutajwa pia. Hati nyingi zilizokusanywa pwani na watafiti wa Kizungu ziliishia Ulaya, hususan katika Chuo cha SOAS, London, na katika Chuo Kikuu cha Hamburg. Sehemu ya mkusanyiko wa SOAS sasa inaweza kutazamwa na yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi wa Lamu anaweza kuusoma mwandiko wa Kijuma bila kuomba viza. Hili ni jambo kubwa, na ni mfano mzuri wa toleo linalojieleza, kwa kuwa picha inaambatana na maelezo ya hati, chanzo chake na mahali ilipo. Lakini pia hapa amana bado iko London. Kilichorudi nyumbani ni ruhusa ya kutazama.

Kinachobainika ni kwamba tofauti ya msingi haiko kati ya karatasi na kiwambo, bali kati ya kitabu cha kielektroniki kilicho nakala na kile kilicho mlango tu. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart nchini Marekani mwaka 1971, imejengwa juu ya wazo la nakala: faili hutolewa bure, na yeyote anaweza kulichukua na kulihifadhi. Jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 na baadaye kuhamia katika umbo la kielektroniki, hufuata njia hiyo. Makala zake zina kurasa za kudumu, mwaka na nambari, na maktaba yoyote inaweza kuziweka katika hazina yake. Kitaaluma, faili la namna hii halina upungufu ulio nao kitabu cha leseni. Lina sifa ya ule mnakili wa zamani: linazaliana, na kwa kuzaliana linajikinga.

7. Wajibu wa Maktaba, Mchapishaji na Mhakiki

Kutokana na uchanganuzi huu, mambo matatu yanajitokeza. La kwanza linawahusu waandishi na wachapishaji. Mikataba mingi ya vitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1960 hadi 1980 iliandikwa kabla kitabu cha kielektroniki hakijafikiriwa. Mwaka 2001 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Random House dhidi ya Rosetta Books, ilikataa kuyachukulia maneno ya mkataba yaliyotoa haki ya kuchapa "katika umbo la kitabu" kuwa yanajumuisha umbo la kielektroniki. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini unaonyesha kwamba mwandishi, au warithi wake, wanaweza kuwa bado wana kitu cha kujadiliana. Mjadala huo ukifanyika, usiishie katika mgawo wa mapato. Uihusishe pia haki ya maktaba za umma na za vyuo vikuu kuwekewa nakala ya kudumu.

La pili linazihusu maktaba na sheria. Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya, Sura ya 111, ilitungwa mwaka 1960 kwa kuizingatia mashine ya chapa. Utaratibu wa kuweka nakala za kisheria unapaswa kukihusisha waziwazi kitabu kinachotoka kwa umbo la kielektroniki tu, na kudai faili lisilofungwa kwa leseni. Tangu mwaka 2003 maktaba za vyuo nchini zimekuwa na muungano wao, KLISC, unaojisajilisha kwa pamoja katika majarida na hazina za nje. Nguvu hiyo ya pamoja ingefaa kuelekezwa pia katika vitabu vya Kiswahili vilivyoadimika, kwa kuingia mikataba na wenye haki ili vitolewe upya kama nakala, wala si kama milango.

La tatu, ambalo ndilo la karibu zaidi, linawahusu wahakiki wenyewe. Idara za Kiswahili zinaweza kudai, bila kusubiri sheria wala fedha, kwamba kila tasnifu itaje toleo na umbo la matini iliyosomwa. Kwamba nukuu ya shairi huru ilinganishwe na toleo la karatasi au na picha ya ukurasa. Na kwamba uhariri wa matini ya kielektroniki utambuliwe kuwa kazi ya kitaaluma inayostahili shahada. Mwanafunzi wa uzamili anayekitoa upya kitabu kimoja kilichoadimika, akilinganisha matoleo, akiweka nambari za aya, akieleza kila sahihisho na kuandika jina lake chini yake, ameifanyia fasihi hii huduma isiyopungua ile ya mwenzake aliyeitumia nadharia mpya kwa riwaya iliyokwisha kuhakikiwa mara kumi.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kitabu cha kielektroniki si chombo kisicho na upande. Hubadilisha herufi, huvunja mstari, huhamisha ukurasa, na mara nyingi humnyima mwenye maktaba mamlaka juu ya kile alichokilipia. Wakati huohuo kinaweza kuvifufua vitabu vilivyokufa madukani na kuwafungulia wasomaji ambao karatasi haijawahi kuwafaa. Mambo haya mawili hayapingani endapo kitabu hicho kitachukuliwa kuwa toleo lenye mhariri anayejulikana na nakala zinazoweza kutunzwa na wengi. Uwanja wa utafiti uliobaki ni mpana: ulinganisho wa matoleo ya kielektroniki ya riwaya mahususi na matoleo yao ya kwanza haujafanywa kwa kina unaostahili, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa wakutubi peke yao. Sikujua na Taylor walijua kwamba wanachokishika kingeweza kupotea. Waliandika majina yao, na kwa sababu hiyo kazi yao inaweza kusahihishwa hadi leo.